Walaji wa Mafuta Baharini: Uwezo na Mipaka ya Bakteria katika Kuisafisha Bahari

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Lau wangalishuhudia mafuta ya meli yakimwagika baharini, huenda wangaliongeza neno, kwani maji yaliyomwagika hukauka ilhali mafuta hubaki. Hung'ang'ania mwamba, hujipaka kwenye mizizi ya mikoko, hupenya mchangani na kuwaua kaa ndani ya mashimo yao. Mvuvi wa hori hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Nyavu zake humweleza.

Kwa miongo kadhaa sasa, habari ya kutia moyo imekuwa ikienezwa magazetini na redioni: kwamba baharini mna viumbe wadogo mno, bakteria, ambao hula mafuta, na kwamba kwa msaada wao bahari inaweza kusafishwa. Habari hii ni ya kweli. Hata hivyo, ukweli wake una masharti, na masharti hayo aghalabu hudondoka njiani kadiri habari inavyosimuliwa na kusimuliwa tena. Matokeo yake ni kwamba jamii za pwani zinaweza kuahidiwa usafishaji ambao mazingira yao hayauruhusu.

Makala haya yananuia kueleza bakteria hao ni nani, hufanya kazi kwa namna gani, na matukio makubwa ya umwagikaji wa mafuta yamefunza nini kuwahusu. Aidha, yanachunguza kwa nini kilichofaa katika fuo za changarawe za Alaska huenda kisifae katika tope la mikoko la Mombasa. Hoja inayoyaongoza ni kwamba bakteria huyaondoa mafuta kwa njia moja tu, yaani kuyaozesha, na kwamba kuoza huko huhitaji hewa, lishe na muda. Atakayeielewa maana kamili ya kitenzi "kuoza" ataielewa pia mipaka ya ahadi zinazotolewa kwa jina la bakteria.

Suala la Istilahi

Kabla ya kuingia katika kiini cha mjadala, ni muhimu kulitaja tatizo la istilahi. Katika mazungumzo ya kila siku, viumbe wanaojadiliwa hapa huitwa viini, vijidudu, wadudu au vijasumu. Majina haya yote yamezoeleka katika muktadha wa maradhi. Mtoto huambiwa anawe mikono ili aondoe viini. Mgonjwa huambiwa ana wadudu tumboni. Neno "vijasumu" limebeba sumu ndani ya umbo lake. Kwa hivyo, mtu akiambiwa kwamba vijasumu vinaisafisha bahari, atasikia mkinzano badala ya maelezo.

Ni kwa sababu hii ambapo makala haya yanatumia neno la mkopo "bakteria", ambalo halielemei mno upande wa maradhi. Neno hilo linatumiwa kwa upatanisho wa ngeli ya A-WA, kwa kuwa bakteria ni viumbe hai: hula, hupumua, huzaana na hufa. Uamuzi huu una uzito unaozidi sarufi. Anayesahau kwamba bakteria hawa hupumua atasahau pia kwamba wanaweza kukosa hewa.

Bakteria Walaji wa Mafuta ni Viumbe Gani?

Mililita moja ya maji ya juu ya bahari, kiasi kisichojaza hata kijiko cha chai, huweza kuwa na bakteria wapatao milioni 1. Wengi wao hawana haja na mafuta. Wapo wachache, hata hivyo, waliojaliwa vimeng'enya vya kuvunja haidrokaboni, yaani kampaundi za haidrojeni na kaboni ambazo ndizo sehemu kubwa ya mafuta ghafi. Uwezo huu si wa jana wala juzi. Mafuta yamekuwa yakivuja yenyewe kupitia nyufa za sakafu ya bahari kwa mamilioni ya miaka kabla ya binadamu kuunda chombo cha kwanza cha kusafiria. Palipo na chakula, mlaji hatimaye hujitokeza.

Miongoni mwa waliotangulia kuuchunguza uwezo huu kwa kina ni Claude ZoBell wa Taasisi ya Scripps huko California, ambaye mwaka 1946 alichapisha tathmini ndefu kuhusu namna viumbe wadogo wanavyoziathiri haidrokaboni. Miaka 52 baadaye, mwaka 1998, wanasayansi walieleza aina mpya ya bakteria aliyepatikana katika Bahari ya Kaskazini, karibu na kisiwa cha Borkum nchini Ujerumani. Walimpa jina Alcanivorax borkumensis. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ina maana ya mlaji wa alkani, yaani zile haidrokaboni zilizojipanga kama mnyororo. Sehemu ya pili yamtambulisha kwa kisiwa chake.

Tabia ya bakteria huyu inastahiki kuelezwa. Katika maji safi yeye ni nadra, na ni vigumu hata kumpata. Mafuta yamwagikapo, na lishe nyingine ikiwapo, huzaana kwa kasi hadi akawa miongoni mwa walio wengi zaidi mahali pale. Mafuta yakipungua, naye hupungua. Chakula chake ni haidrokaboni karibu pekee. Sukari ambayo bakteria wengine huikimbilia, yeye haimfai. Mwaka 2006 mpangilio mzima wa vinasaba vyake ulichapishwa, na ukabainisha wingi wa vimeng'enya vya kuvunja alkani alivyo navyo.

Kazi yenyewe hufanyika mpakani. Mafuta na maji havichanganyiki, na bakteria huishi majini. Kwa hivyo, hawezi kuyafikia mafuta isipokuwa pale yanapogusana na maji. Methali isemayo maji ya kifuu bahari ya chungu yaafiki hapa: tone la mafuta lenye upana wa milimita 1 ni kisiwa kikubwa kwa kiumbe ambaye urefu wake ni kama sehemu moja ya elfu ya milimita hiyo. Tone hilo likigawanywa kuwa matone 1,000 yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, kiasi cha mafuta hakibadiliki, lakini eneo la kulia huongezeka mara 10. Alcanivorax hulijua jambo hili kwa namna yake, kwani hutoa kemikali inayofanya kazi kama sabuni na kuyapasua mafuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha pia kwamba bakteria hawa wanapokaa pamoja kama utando juu ya tone, huweza kulikunja tone hilo na kulichomoza vijitawi, hivyo wengi zaidi wakapata mahali pa kulia.

Hata hivyo, mafuta ghafi si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa maelfu ya kampaundi, na hakuna bakteria mmoja azilaye zote. Kazi yao ni ya ujima. Alkani hutangulia kuliwa. Haidrokaboni zenye umbo la pete, ambazo baadhi yake husababisha saratani, huliwa polepole zaidi na walaji wengine kama vile Cycloclasticus. Mwishoni hubakia masazo mazito yanayokaribia kuwa lami, ambayo karibu hayaliki. Madonge meusi yanayonata kwenye nyayo za watembeao ufuoni aghalabu ni makombo ya karamu hiyo.

Masharti ya Kuoza

Kwa lugha nyepesi, kinachotendeka ni kuoza. Mafuta huoza kama linavyooza jani au samaki, na huishia kuwa kabonidioksidi, maji na miili ya bakteria wapya, ambao nao huliwa na viumbe wengine wadogo. Kuoza huku kuna masharti manne ya msingi.

Sharti la kwanza ni oksijeni. Hatua ya mwanzo ya kuivunja alkani kwa kasi huhitaji oksijeni iunganishwe nayo. Kilo moja ya mafuta huhitaji takriban kilo 3 za oksijeni ili ioze kabisa. Maji ya bahari yana oksijeni kidogo sana iliyoyeyuka ndani yake, kiasi kwamba lita moja ya mafuta huweza kumaliza oksijeni ya zaidi ya lita 300,000 za maji. Katika bahari wazi, mawimbi na mikondo huleta maji mapya kila mara. Mahali pasipo na mzunguko huo, pumzi huisha kabla ya chakula kwisha.

Sharti la pili ni lishe ya ziada. Mafuta yana kaboni tele, lakini mwili hauundwi kwa kaboni pekee. Bakteria huhitaji naitrojeni na fosforasi: kwa kila kilo ya mafuta inayoliwa, takriban gramu 150 za naitrojeni na gramu 30 za fosforasi. Hali yao inafanana na ya mtu aliyepewa ghala la muhogo bila kitoweo. Atashiba, lakini hatanawiri. Sharti la tatu ni joto, ambalo huongeza kasi ya kazi. Kwa upande huu bahari za tropiki zina faida. Sharti la nne ni muda. Hata mambo yote mengine yakitimia, kazi huchukua wiki kwa kampaundi nyepesi na miaka kwa zilizo nzito. Ndege aliyelowa mafuta leo hawezi kuingojea.

Funzo la Alaska, 1989

Tarehe 24 Machi 1989, meli ya mafuta Exxon Valdez iligonga mwamba wa Bligh Reef katika Prince William Sound, Alaska, na kumwaga takriban lita milioni 41 za mafuta ghafi. Mafuta hayo yalichafua fuo zenye urefu wa kilomita 2,000 hivi, na inakadiriwa kwamba ndege wa baharini wapatao 250,000 walikufa. Mbinu za awali zilikuwa za nguvu. Fuo zilipigwa maji moto kwa mabomba yenye kasi, jambo lililoondoa mafuta lakini likawaua pia viumbe wengi walionusurika.

Katika kiangazi cha mwaka huo, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani na kampuni iliyomiliki meli hiyo walijaribu njia nyingine. Hawakuleta bakteria kutoka kokote. Uchunguzi ulikuwa umeonyesha kwamba walaji wa mafuta walikuwapo tayari katika fuo hizo, na kwamba oksijeni ilipenya vyema kati ya changarawe za juu. Kilichopungua ni naitrojeni na fosforasi. Kwa hivyo ufuo ulitiwa mbolea, baadhi yake ikiwa ya maji yanayoshikamana na mafuta, na nyingine ya chembechembe zinazoyeyuka polepole. Baada ya wiki chache, mawe yaliyotiwa mbolea yalionekana masafi kuliko jirani zake. Tathmini iliyochapishwa mwaka 1994 ilibaini kwamba mbolea iliweza kuiongeza kasi ya kuoza hadi mara 5. Fauka ya hayo, majaribio ya kumwaga bakteria wa kununuliwa hayakuonyesha manufaa ya ziada. Wenyeji waliifanya kazi vyema, mradi wasaidiwe lishe.

Laiti hadithi ingaliishia hapo, ingalikuwa ya ushindi mtupu. Mwaka 2001 watafiti walichimba fuo hizo na kukuta mafuta yangali chini ya changarawe, mengine yakiwa bado mabichi. Uchunguzi wa baadaye ulitoa sababu: katika tabaka la chini, maji hupita kwa shida, na oksijeni pamoja na lishe ni haba. Sentimita chache tu zilitosha kutenganisha mafuta yaliyooza na mafuta yaliyohifadhika. Bakteria walikuwapo kotekote. Hewa ndiyo haikuwapo.

Funzo la Ghuba ya Meksiko, 2010

Tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko na kuwaua wafanyakazi 11. Kisima kilichokuwa kina cha takriban mita 1,500 chini ya maji kiliendelea kutapika mafuta kwa siku 87. Serikali ya Marekani ilikadiria kwamba mapipa milioni 4.9 yalitoka kisimani. Mahakama, mwaka 2015, iliamua kwamba yaliyoingia baharini yalikuwa mapipa milioni 3.19.

Sehemu ya mafuta hayo haikupanda juu. Ilitandaa kama wingu la matone madogo mno kwenye kina cha takriban mita 1,100, ambako maji yana nyuzi 5 hivi za joto. Wengi walihofia kwamba katika baridi na giza hilo hakuna kitakachooza. Wanasayansi wakiongozwa na Terry Hazen walichapisha matokeo mwaka huohuo yakionyesha kinyume: bakteria wa jamii ya Oceanospirillales walikuwa wameongezeka sana ndani ya wingu lile, na alkani zilikuwa zikipungua kwa kasi isiyotarajiwa. Maelezo yake ni kwamba sakafu ya Ghuba hiyo huvuja mafuta kiasili, hivyo wenyeji wake wameyazoea tangu kale. Isitoshe, matone yalikuwa madogo, na maji ya kina yalikuwa na oksijeni na lishe ya kutosha. Masharti yalitimia, kazi ikafanyika.

Hata hivyo, jambo lingine lilitendeka mwaka huo ambalo linapaswa kumshughulisha mwanafunzi wa lugha. Mapema Agosti 2010, serikali ilitoa hesabu ya mahali yalipokwenda mafuta, na vyombo vya habari vikatangaza kwamba takriban robo tatu yalikuwa yamekwisha. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: asilimia 17 yalinaswa kisimani moja kwa moja, 5 yalichomwa, 3 yalienguliwa juu ya maji, 25 yaligeuka mvuke au kuyeyuka, 16 yalitawanyika kwa nguvu za maji, 8 yalitawanywa kwa dawa, na 26 yalibakia. Msomaji makini atagundua kwamba asilimia 24 yalikuwa yametawanyika tu, na asilimia nyingine 25 yalikuwa yamebadilisha umbo au makazi. Hakuna safu katika hesabu hiyo iliyoitwa "yaliyooza". Kutawanyika kulisomwa kana kwamba ni kwisha.

Baadaye ilibainika kwamba sehemu ya mafuta ilishuka hadi sakafu ya bahari, na mengine yakazama katika udongo wa vinamasi vya Louisiana yakakaa humo kwa miaka. Hata dawa ya kutawanya mafuta, iliyomwagwa kwa kiasi cha takriban lita milioni 7 kwa nia ya kuwarahisishia bakteria kazi, imezua mjadala. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulidokeza kwamba dawa hiyo huweza kuwastawisha bakteria wanaoila dawa yenyewe na kuwadhoofisha baadhi ya walaji wa mafuta.

Je, Binadamu Anaweza Kumuunda Mlaji Bora?

Swali hili lilipata jibu la kisheria kabla ya kupata jibu la kimazingira. Ananda Chakrabarty, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyefanya kazi katika kampuni ya General Electric, alimtengeneza bakteria mwenye uwezo wa kuvunja aina kadhaa za haidrokaboni kwa pamoja. Maombi ya hataza yaliyowasilishwa mwaka 1972 yalifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mnamo 16 Juni 1980 iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kiumbe hai aliyetengenezwa na binadamu anaweza kupewa hataza. Uamuzi huo uliathiri sayansi ya vinasaba duniani kote. Bakteria mwenyewe, hata hivyo, hakuwahi kutumiwa kusafisha mafuta baharini. Pamoja na hofu ya kumwachilia kiumbe wa maabara huko nje, jambo hili laafikiana na funzo la Alaska: mara nyingi kinachokosekana si mlaji, bali ni mazingira ya kumwezesha kula.

Vilevile, zipo taka ambazo bakteria hawaziwezi, au huziweza kwa kiwango kidogo mno. Mwaka 2016 wanasayansi wa Japani walimtangaza Ideonella sakaiensis, bakteria anayevunja plastiki ya chupa za maji. Alipatikana penye kiwanda cha kuchakata chupa huko Sakai, si baharini, na alihitaji takriban wiki 6 katika nyuzi 30 za joto kuumaliza utando mwembamba wa plastiki hiyo. Metali nzito, kama vile risasi na zebaki, haziozi kabisa kwa kuwa ni elementi; bakteria huweza kuzibadilisha umbo tu. Katika tope lisilo na oksijeni, baadhi yao huigeuza zebaki ya kawaida kuwa methili-zebaki, ambayo ni hatari zaidi na hujilimbikiza katika minofu ya samaki. Hivyo, kiumbe yuleyule aitwaye msafishaji mahali pamoja huweza kuwa mchafuzi mahali pengine.

Tope la Mikoko: Mahali Pumzi Inapokatika

Maelezo haya yote yana uzito wa pekee kwa pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1988, tangi la mafuta mjini Mombasa lilipasuka na takriban tani 5,000 za mafuta zikaingia katika hori la Makupa. Mikoko ya kando ya hori hilo ilikufa. Ili kuelewa kwa nini bakteria hawangeweza kuinusuru, ni sharti kulitazama tope lenyewe.

Tope la mikoko ni laini, lenye chembe ndogo zilizoshikana, na limejaa majani yanayooza. Kuoza huko hutumia oksijeni yote iliyopo, hivyo milimita chache chini ya uso wake hakuna hewa. Weusi wake na harufu yake ya mayai viza ni dalili za bakteria wa aina nyingine, wanaopumua kwa kutumia salfeti badala ya oksijeni. Hao nao huweza kuvunja baadhi ya haidrokaboni, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Mikoko yenyewe imelitatua tatizo hili la hewa kwa kuchomoza mizizi nje ya tope. Mchu huinua mizizi yake kama penseli zilizopandwa wima. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao. Mizizi hiyo ndiyo pua za mti. Mafuta yanapofika wakati maji yamejaa, kisha maji yakapwa, pua hizo hubaki zimezibwa.

Kaa nao wana sehemu yao. Mashimo wanayochimba huingiza hewa ndani ya tope, lakini mafuta hupitia mashimo hayohayo na kuzama chini sana. Kaa wakifa, uingizaji wa hewa hukoma huku mafuta yakiwa tayari yameingia. Kwa njia hii, mafuta huua mti kwa kuuziba pumzi, huua kaa aliyeleta hewa, kisha hujihifadhi mahali ambapo mlaji wake hawezi kupumua. Fauka ya hayo, maji taka ya miji ya pwani yanapoingia horini huoza pia, na kuoza kwake hunyang'anya oksijeni iliyosalia. Mbolea iliyofaa Alaska haiwezi kuleta tofauti kubwa hapa, kwa kuwa kinachopungua si naitrojeni pekee. Ikizidishwa, huweza kuchochea miani, nayo ikifa na kuoza huzidisha upungufu uleule.

Ushahidi wa Panama unathibitisha jambo hili. Mwaka 1986 tangi la kiwanda cha kusafishia mafuta lilipasuka na kuichafua mikoko ya pwani ya Karibi ya nchi hiyo. Watafiti waliolifuatilia tope lake walihitimisha kwamba sumu ya mafuta huweza kudumu humo kwa miaka 20 au zaidi. Nayo bahari ya Panama, kama ya Kenya, ni ya joto. Sharti moja kutimia hakulipi deni la sharti lingine.

Hatari nayo haijapungua. Julai 2020 meli Wakashio ilikwama kwenye matumbawe ya Morisi, na mwezi uliofuata ikavuja takriban tani 1,000 za mafuta. Wananchi walishona vizuizi kwa majani makavu ya miwa ili kuyazuia yasiingie kwenye mikoko na wangwa. Mombasa ilipata gati jipya la mafuta huko Kipevu mwaka 2022. Bomba la kilomita 1,443 limebuniwa kuyasafirisha mafuta ghafi ya Uganda hadi rasi ya Chongoleani, Tanga, ili yapakiwe melini. Wananchi wa Morisi hawakungoja kuelezwa nadharia. Walijua kwamba mafuta yakishaingia mikokoni, kazi imeharibika. Vizuizi vilivyo tayari kwenye mlango wa hori, pamoja na watu waliofunzwa kuvitandaza kabla ya maji kujaa, vina thamani kuliko pipa la bakteria litakaloletwa baada ya siku tatu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba bakteria walaji wa mafuta ni viumbe wa kweli wenye uwezo mkubwa. Katika maji wazi ya Ghuba ya Meksiko na juu ya changarawe za Alaska walifanya kazi ambayo hakuna mashine ingaliweza kuifanya. Yameonyesha pia kwamba uwezo huo hukoma pale hewa inapokoma, na kwamba tope la mikoko ni miongoni mwa mahali pa namna hiyo.

Kwa mintarafu ya lugha, Kiswahili kina vitenzi vinavyotosha kulieleza suala hili kwa usahihi. Mafuta huweza kutawanyika, kuzama, kugeuka mvuke, kufukiwa au kuoza. Vitenzi vinne vya kwanza vinaeleza mahali yalipokwenda. Cha tano pekee ndicho kinachoeleza kwisha kwake. Mwandishi wa habari, mfasiri au mwalimu anayeandika kwamba mafuta "yametoweka" amevifunika vyote vitano kwa neno moja, na mvuvi anayemsoma hana njia ya kujua iwapo hori lake ni salama. Afisa yeyote akitangaza siku moja kwamba bakteria watalisafisha hori, wenyeji wana haki ya kuuliza kwa Kiswahili sanifu: mafuta yataoza, au yatatoweka machoni tu? Yataozea wapi, kwa hewa gani, na kwa muda wa miaka mingapi? Maswali hayo hayahitaji maabara. Yanahitaji jamii iliyoelezwa jambo hilo kwa lugha inayoielewa, na kuielezea ni kazi ya wasomi wa Kiswahili sawa na ilivyo ya wasomi wa sayansi.